Neno la Mgeni kwenye Ukuta wa Bibi

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na ninakaa Shella, Malindi, kwa bibi yangu mzaa mama, nikingoja matokeo. Nilijiona ninajua Kiingereza. Mtaani, aliyetaka kusomewa chochote cha Kiingereza alielekezwa kwangu, nami kabla ya kusoma nilikuwa nikikohoa kidogo kama hakimu. Kiburi hicho kilikuja kuvunjwa na neno moja fupi la mgeni mmoja, na mpaka leo sina hakika neno lile lilinifanya nini.

Mgeni mwenyewe alikuwa mama wa Kiingereza, mwalimu mstaafu, aliyekodi nyumba mjini na kushinda kutwa kwenye magofu ya Gede. Tulikutana dukani. Aliponiuliza kama mtaani kwetu zimebaki nyumba za zamani, nikamkaribisha papo hapo, maana bibi hakuwa mtu wa kumfukuza mgeni. Bibi akamkalisha ukumbini, akamtilia kahawa, akamwekea kaimati. Mgeni alikula vizuri. Kisha akainuka, akauweka mkono ukutani, mahali ambapo lipu ilikuwa imebanduka na ndani yake yakaonekana mawe, chokaa na vipande vya makome.

"Tabby," akasema. Akapapasa tena, akalirudia. Mzuri ajabu ukuta huu, alisema, tabby hasa! Akauzunguka ukumbi mzima akisifu, mkono haubanduki ukutani.

"Yuwasemaje?" bibi akaniuliza.

"Ausifu ukuta wako, bibi."

Bibi akatabasamu, lakini macho yake hayakucheka.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Wetu alikuja na ukuta ukaugua. Wiki ile mvua ya masika haikutupa nafasi, na asubuhi moja kipande cha lipu kikubwa kama sinia kikaanguka pale pale alipopapasa. Bibi hakukiokota. Alikitazama, akafunga kanga yake vizuri, akasema, "Jicho hilo."

Kwetu, cha mtu hakisifiwi hivi hivi. Husemwa mashaallah kwanza, ndipo sifa ifuate, na hata mtoto mdogo anajua. Mgeni yule alikuwa amesifu mpaka akachoka na hakulitaja jina la Mungu hata mara moja. Bibi alisikitika, mimi nikaingiwa na hofu. Mjomba wangu wa Mombasa alikuwa akimbembeleza bibi miaka nenda miaka rudi ahamie kwake, naye bibi akikataa. Nyumba ikifungwa, mimi ningepelekwa Kilifi kwa mama, na kwa baba wa kambo ambaye tulikuwa tukisalimiana kama watu waliokutana kituo cha polisi. Lakini hata bila yeye nisingetaka kwenda. Bibi ndiye aliyenilea, na sikujua kukaa mahali ambapo yeye hayupo. Sasa nikamwona anafungua sanduku lake na kukunja nguo.

Nikaona dawa ni moja tu. Nikithibitisha kwamba neno lile, ambalo mimi mwenyewe sikulijua, ni jema, bibi atatulia.

Nilikwenda shuleni kwangu kwa zamani, mwalimu wa Kiingereza akanitolea kamusi nene. Kumbe tabby ni hariri, yenye mawimbi mawimbi, na jina lake limetoka kwa Waarabu, kwenye mtaa mmoja wa Baghdad ulikofumwa hariri hiyo. Nilirudi nyumbani ninakimbia.

"Hariri ya Baghdad!" bibi akasema, na kwa mara ya kwanza siku zile akachangamka. "Hilo neno zuri. Na jengine?"

Nikakwama. Kamusi ilikuwa na jengine. "Paka, bibi. Paka wa milia. Wasema milia yake ni kama ile hariri."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Na jengine?"

Ningenyamaza, lakini bibi alikuwa amenilea. Alijua uso wangu ukiwa na kitu. Nikamwambia kwamba Waingereza wa zamani walimwita hivyo pia mwanamke mzee asiye na mume, mwenye kusengenya watu.

Bibi alikuwa mjane. Akavuta ungo wa mchele, akaanza kuondoa mawe. "Basi kamuulize mwenyewe alikusudia lipi," akasema.

Nikaenda kwa mgeni. Akashangaa, akanambia si hariri, si paka, wala si bibi kizee. Ni neno lingine kabisa lililofanana na hayo: ni ukuta wa chokaa ya makome yaliyochomwa, iliyochanganywa na mchanga na maji. Nikamuuliza limetoka wapi. Wengine wasema Uhispania, akajibu, wengine Uarabuni, na wako wanaosema limetoka huku huku Afrika, na waliobobea bado wanabishana. Nilirudi nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Nilikuwa nimetafuta maana moja ya kumtuliza bibi, na sasa nilikuwa na nne, na asili ambayo hata wenyewe hawakuijua. Njiani nilikuwa nikizipanga na kuzipangua maana hizo kichwani, na nililiona lile neno linanicheza shere.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwani alisema mashaallah?"

"Hakusema."

"Basi hayo mengine ni ya nini? Mwambie aje anawe, maji yake tuyamwagie ukuta. Ndivyo jicho litolewavyo."

Jaribuni ninyi kumwambia mwalimu mstaafu wa Kiingereza kwamba bibi yenu anamtaka aje kuoga! Sikuwa na neno la Kiingereza la jambo lile. Nilisema bibi anaomba aje anawe uso na mikono, na yule mama akainamisha kichwa akanusa kwapa lake kwa siri. Nilieleza tena, nikaharibu zaidi. Mwishowe nadhani alikubali kwa sababu ya adabu tu. Alikuja jioni ile ile amevaa gauni safi, akanawa juu ya beseni, uso mwekundu, nami nikamfundisha kusema mashaallah. Alilisema polepole na kwa heshima, akiutazama ukuta. Bibi akamshika mikono yote miwili akamshukuru, kisha akayachukua maji akayarusha ukutani.

Kesho yake mwashi akaja akaziba. Nilifurahi mno. Nilifagia ukumbi, nikaimba, nikamwambia bibi alirudishe sanduku mahali pake.

Ijumaa baada ya sala, gari la mjomba likasimama mlangoni. Bibi alikuwa ameshavaa buibui, sanduku liko miguuni pake.

"Bibi, si jicho tumeshalitoa?"

"Tumelitoa. Watakaokaa hapa wasiangukiwe na ukuta."

"Basi waenda wapi?"

"Naenda kwa mwanangu. Nilimwita mimi mwenyewe, kabla mzungu wako hajakanyaga ukumbi huu. Nimechoka, mjukuu wangu. Magoti hayapandi ngazi, na usiku nasikia kimya cha nyumba hii mpaka masikio yauma. Mamako nishasema naye, akungoja."

Nikalishika sanduku. Nilimuuliza, tena kwa hasira, mbona aliniacha nihangaike na kamusi, na shule, na yule mama, siku zote zile.

"Ningekwambia ungelia," akasema, "nami nisingeweza kuondoka. Nikakuona una kazi ya neno lako, wanijia mbio, waniambia hariri, waniambia paka. Nikawa nakuuliza na jengine ili nikutazame."

Mjomba akapiga honi. Bibi hakugeuka. Akanivuta, akaniweka kichwa begani pake, juu ya buibui.

"Lia sasa," akasema. "Ningali nipo."