Mama Alivyotupima kwa Kahawa

Enzi zetu kule kijijini Giakanja, mtu hakusifiwa hivi hivi. Alifananishwa na kile kilicholisha boma. Shosho, mama yake baba, alikulia malishoni, kwa hiyo kwake sote tulikuwa mbuzi. Mtoto mtiifu alikuwa mbuzi wa maziwa. Mimi niliyependa kula kwa jirani nilikuwa mbuzi aliyekata kamba.

Mama yeye alikuwa mtu wa kahawa. Pale kwenye kiwanda cha kahawa tulimwaga matunda yake juu ya gunia, tukayachambua, mekundu huku, ya kijani kule, hadi vidole vikanata. Kisha kahawa ilimenywa, ikatiwa majini: nzito ilizama ikawa P1, daraja la juu, iliyofuata ikawa P2, nyepesi ikaelea. Ile mbovu iliyoanikwa na maganda yake iliitwa mbuni, na hakuna aliyejivunia mbuni.

Mama akatupanga hivyo hivyo. Mhubiri aliyehubiri hadi chai ikapoa: mbuni. Mchumba wa shangazi, viatu vinang'aa na shamba hana: huyo anaelea. Baba, siku akiamka vizuri, alifika P2. Mimi niliitamani P1 kuliko nilivyotamani viatu, na viatu sikuwa navyo.

Darasa la sita nikawa nambari mbili. Nilikimbia na ripoti hadi kiwandani, nikamkuta Mama kwenye foleni ya mizani, gunia mgongoni. Aliisoma polepole.

"P2," akasema. "Na namba moja ni nani?"

Nililia hadi karani wa mizani akanionea huruma, akanipa ndizi.

Miaka imeenda. Siku hizi nikisahau jina la mtu, binti yangu huniambia, "Mathe, umepoteza netiweki." Vijana wakipendana wana chaji, wakikosana wanablokiana, hata moyo umehamia kwenye simu.

Mwezi uliopita nilimtembelea Mama, nikakuta mikahawa yote imeng'olewa, imepandwa miavokado. Nilimpikia, nikamwosha miguu. Akanishika shavu, akalibonyeza taratibu.

"Wewe ni ile avokado ya kupelekwa ng'ambo," akasema. "Ati hata doa haina."

Nilikuwa nimengoja neno kama hilo tangu utotoni. Nililia, mtu mzima mimi, kwa furaha tupu.

Nilimpigia binti yangu nimweleze.

"Avokado? Na hukukasirika, Mathe?"

Sikumlaumu; kwake avokado ni chakula tu, si sifa. Sisi tulikuzwa tukingoja vitu viive. Yeye akitaka avokado huiagiza kwa simu, na huletwa ikiwa laini.