Kidawa na Mashimo Yasiyo na Alama

Asubuhi ya mwisho iliyokuwa kama asubuhi nyengine, Kidawa alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi ya kupikia mihogo. Mimi niko mlangoni nanywa chai. Nikapiga miayo, naye akapiga. Akasita na kizio cha nazi mkononi, akaniuliza kwa nini miayo hutoka kwa mtu ikenda kwa mwengine, na chafya haifanyi hivyo. Nikamwambia sijui. Akasema hata daktari mmoja wa mjini hajui. Alimuuliza, daktari akacheka, kisha na yeye akapiga miayo.

Tukala. Nikaenda kwenye tanuu langu la chokaa. Alasiri nikamkuta ana homa. Siku ya nne tukamzika, hapa hapa Uroa, mwaka wa hamsini na nane.

Mwanetu Usi anakaa mjini, Kikwajuni. Amenitaka niandike habari za mama yake, wanawe wapate kumjua. Skuli mimi sikusoma, ila chuo cha Kurani. Naandika niliyoyaona.

Kidawa alikuwa mtu wa kuuliza. Hakuuliza mambo makubwa. Aliuliza kwa nini mtu akijitekenya mwenyewe hacheki. Aliuliza kwa nini mtu aliyelala haamshwi na mchi unaotwanga nyuma ya ukuta wake, lakini jina lake likitajwa polepole huamka. Nilipomjibu ndivyo ilivyo, alisema hilo si jibu, ni kumfungia mtu mlango. Siku ile nilicheka. Siku hizi nami najiuliza hayo, na hapana wa kumwambia.

Kazi yake ilikuwa kusokota kamba za makumbi. Wanawake wa huku huchimba mashimo pwani, pale maji yanapojaa na kupwa, wakafukia makumbi ya nazi. Yakikaa miezi sita, saba, hulainika. Huyafukua, wakayaponda kwa gongo, wakapata usumba, zile nyuzi za kusokota. Kamba zake Kidawa ziliuzwa mjini, Mlandege, na wenye maduka walizijua kwa kuzishika tu.

Shida ni kulipata shimo. Bahari husawazisha mchanga ukawa kama shuka. Wengine huchomeka vijiti, maji huvichukua. Wengine huweka mawe, na mawe yote yanafanana. Kidawa hakuweka kitu. Maji yakitoka alikwenda moja kwa moja, akasimama, akachimba, akayakuta. Miaka ishirini hakukosa. Watu wakasema ana mashetani yanayomwonyesha. Mimi nilimuuliza mara nyingi anapajuaje. Alikuwa akiendelea kusokota, nikidhani ananificha.

Mwaka wa hamsini na nne, siku ya bamvua, maji yametoka mbali, alikwenda na wenzake kufukua. Nami nilikuwepo, naokota mawe ya chokaa. Alikuwa ameshajaza pakacha mbili alipofika Mwanapili, mke wa Machano, akasema hilo shimo ni lake. Kidawa akamwambia, "Ni langu." Mwanapili akamuuliza: "Bi Kidawa, mashetani yako leo yamekuonyesha cha watu?" Wanawake wakacheka. Kisha Mwanapili akalitaja neno lenyewe, mwizi, na kicheko kikakatika.

Mwanamke akishaitwa mwizi wa makumbi, hapana atakayechimba naye tena. Na kazi ile haifanyiki peke yako, maji hayakungojei. Hiyo ilikuwa ndiyo riziki yake na ndilo jina lake.

Akaitwa sheha, mkubwa wa kijiji, Mzee Simai. Akavua viatu akaja mpaka kwenye shimo. Akawauliza wanawake mmoja mmoja. Wote wakasema yale yale: Bi Kidawa hajapata kukosa, na Bi Mwanapili kila mwaka hulitafuta shimo lake mpaka maji yakamrudisha nyumbani. Nikaona sheha ameshakata shauri. Moyo wangu ukatulia.

Kidawa alikuwa amechutama shimoni. Akatia mkono chini, kwenye makumbi ambayo hayajaguswa.

Yeye alikuwa na mazoea yake. Kila kumbi alililaza upande wa ndani chini, moja juu ya jengine, kama sahani zilizofudikizwa. Alisema yakikaa hivyo hayaingiwi na mchanga. Wenzake huyatupia tu. Mazoea hayo nikiyajua mimi na yeye. Nikachungulia. Makumbi ya juu alikuwa ameyazoa kwa haraka ya maji, hakuyatazama; ya chini yalikuwa hovyo, mengine yametazama juu, mengine yamelala ubavu.

Akainua uso akanitazama. Mimi nikatazama pembeni. Nilitaka anyamaze, na alijua kuwa nataka anyamaze. Naliandika hili kwa sababu ni kweli.

Sheha akasafisha koo. Kidawa akasimama. "Mzee Simai, ngoja kwanza," akasema. "Haya si yangu."

Akawaeleza namna anavyopanga yake. Kisha akatoka, akahesabu hatua tano kuelekea kusini, akachimba. Akalifikia kumbi la kwanza, halafu la pili, la tatu, yote yamelala kifudifudi. Sheha akainama akayatazama. Akasema aliyekosa shimo si mwizi, tena mwizi hajishitaki, na neno lile lisisikike tena pwani. Akachukua viatu vyake akaenda.

Kidawa akazibeba zile pakacha mbili mwenyewe, akamwekea Mwanapili miguuni. Mwanapili hakuomba radhi kwa mdomo. Alijifunga kanga kiunoni akashuka kwenye shimo la Kidawa, wakawa wanafukua pamoja.

Maji yalikuwa yameanza kurudi. Mashavu, jirani yetu, hakuweza kujizuia, akauliza leo yale mashetani yamekwenda wapi. Kidawa hakukasirika. Alinawa mchanga mikononi, akawatazama wote, na mimi pamoja nao, akasema:

"Miaka ishirini nikipatia, mkasema nna mashetani. Leo nimekosa mara moja, mkasema mwizi. Mimi mwenyewe sijui vipi nikipatia, na sijui vipi leo nimekosa. Haya, shikeni pakacha, maji yanakuja."