Printa Mbili za Mama Waya

Saa moja na nusu asubuhi. Benchi la zahanati limeshajaa, na Mama Waya amepiga magoti chini ya meza ya mapokezi, mkono kwenye swichi ya ukutani. Anazima. Anahesabu hadi ishirini. Anawasha.

"Hayo majini yako ya printa yameamkaje leo?" mtaalamu wa maabara anamtania kutoka dirishani kwake.

"Yana njaa, kaka. Kaa mbali."

Leo hana muda wa mzaha mrefu. Daktari mkuu amesimama nyuma yake. Wiki iliyopita alimwambia wazi: printa zikichanganya tena, kompyuta zinatolewa, tunarudi kwenye daftari, naye anarudi kwenye fagio.

Printa ni mbili, za aina moja na rangi moja. Moja iko maabara, inachapa lebo za chupa za damu. Nyingine iko dirisha la dawa, inachapa lebo za bahasha. Zote zinaongozwa na kompyuta moja kuukuu inayotumia mfumo wa Linux, ambao Mama Waya aliupenda kwa sababu hauhitaji kubembelezwa. "Unachomeka kifaa, mfumo unakitambua wenyewe, unakipa jina, kazi inaanza," anasema.

Tatizo lilikuwa hilo jina. Kompyuta ilizipa printa namba kwa zamu ya kuamka. Umeme ukikatika na kurudi, iliyokuwa ya pili huenda ikawahi kuwa ya kwanza. Siku moja lebo za damu zilitokea dirisha la dawa. Chupa kumi na nne zikabaki bila majina, zikamwagwa, na watu kumi na wanne wakachomwa sindano upya, akiwemo mtoto wa miezi sita.

"Kilio cha yule mtoto nililala nacho," anasema.

Kwanza alibandika karatasi juu ya printa: Damu, Dawa. Anajicheka mwenyewe akisimulia. "Niliwaandikia watu. Kompyuta haioni karatasi."

Kisha akaandika kanuni ndani ya kompyuta, kila printa itambuliwe kwa namba yake ya kiwandani. Umeme ulipokatika, mambo yakawa yale yale. Alipozihoji printa zote mbili, zilimjibu namba moja. "Kiwanda kiliwapa mapacha cheti kimoja cha kuzaliwa," anasema.

Hakukata tamaa. Alibadili kanuni: kompyuta isiulize wewe ni nani, iulize umeingilia tundu langu gani. Tundu la karibu na ukuta ni damu, la pili ni dawa, iwe printa imeamka mapema au imechelewa.

Lakini waya ukihamishwa tundu? Hapo alikuwa na elimu ambayo mafundi wengi hawana. Kabla ya kujifunza kompyuta kwa jioni za miaka miwili, alifanya usafi kwenye zahanati hii hii kwa miaka tisa. "Anayechomoa waya ni mwenye kupiga deki. Hana kosa, waya umelala njiani." Akazinyanyua nyaya zote kutoka sakafuni, akazifunga tunduni kwa plasta ya vidonda.

Anazima swichi mara ya sita, kana kwamba umeme umekatika, kisha anawasha. Lebo zinatoka panapostahili.

"Mama, inatosha," anasema daktari.

"Tulisema kumi, daktari."

Ya saba. Ya nane. Benchini watu wameanza kuhesabu pamoja naye. Ya kumi, lebo ya damu inatoka maabara, ya dawa inatoka dirisha la dawa. Mtaalamu wa maabara anaibandika yake kwenye chupa.

"Na mimi nikizihamisha hizo nyaya?" daktari anauliza.

"Plasta iliyobanduka itakusema."

Daktari anacheka, anaita mgonjwa wa kwanza.

Mama Waya anajipangusa magoti. Kanuni zake ni mistari miwili tu, naye ameinakili kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Jioni hii anaanza kumfundisha mama anayepiga deki sasa.

"Siku nikiumwa, asisubiri fundi," anasema. "Mimi nilianzia pale pale alipo yeye."