Nani Atampokelea Makame

Siku tulipoitwa vitani, Makame alikuwa juu ya paa la mama yake, Kizimkazi, anaezeka, na mie niko chini namrushia makuti. Sote wawili tulikuwa askari vijana, tuko likizo. Mama yake, Bi Mize, alisimama uani mikono kiunoni, anamkosoa. "Unayabana mno! Unaezeka au unafunga mbuzi?" Makame akicheka tu. Alikuwa hakasiriki yule mtu, na mie nakasirika kwa niaba ya wawili, ndiyo maana tulipatana.

Mara akaja mtu na baiskeli kutoka Makunduchi: askari wote walio likizo warudi kambini leo hii. Nchi imevamiwa huko bara, upande wa magharibi. Bi Mize akauliza, "Na paa je?" Makame akashuka, akajifuta mikono, akasema, "Nkirudi nalimaliza, mama." Akala, akavaa, tukaondoka. Hakulia mtu. Tulidhani ni jambo la wiki chache.

Vita yote siisimulii. Vijana huniomba, wanataka mizinga na vifaru, na mie nakumbuka matope, kiu, soksi zilizooza mguuni, na baridi ya kule ambayo sisi watu wa pwani tulikuwa hatuijui. Makame akivaa mashati yote aliyonayo, moja juu ya jingine, tunamcheka. Tulivuka mpaka, tukawa tunakwenda ndani ya nchi ya watu, kijiji baada ya kijiji. Wenyeji wengine walitukimbia, wengine walitupa ndizi.

Asubuhi moja tulikuwa kwenye barabara ya udongo mwekundu, migomba upande mmoja, mibuni upande wa pili.

Risasi zilitoka kwenye migomba.

Tukajitupa mtaroni. Wenzetu watatu wakabaki barabarani, wamepigwa, mmoja anamwita mama yake.

Sajini akasema asitoke mtu.

Makame akatoka.

Alimkokota wa kwanza kwa mkanda wa begani, akamsukumia kwangu. Nikamkamata Makame mguu. "We mwenda wazimu, kaa chini!"

"Niache, Mcha."

Akatoka tena, akarudi na wa pili. Huyo alikuwa kijana wa Songea, paja limefumuka.

Wa tatu hakumfikia.

Adui walipokimbia, jua lilikuwa limeshapanda. Nilitaka tumkoshe Makame kama anavyokoshwa maiti wa Kiislamu. Maji ya kikosi kizima yalikuwa kwenye pipa moja, ya kunywa, na mie nilikwenda kulivuta huku nalia na kutukana, na wallahi ningempiga yeyote ambaye angenizuia. Aliyenizuia ni Mtumbatu mmoja, mkubwa wetu kwa umri, mtu aliyekaa chuoni akasoma Kurani. Akanishika kifuani. "Shahidi hakoshwi, Mcha. Anazikwa na nguo zake na damu yake."

Tukachimba chini ya mibuni. Halafu tukabishana juu ya kibla. Ukiwa Unguja kibla ni kaskazini, huna haja ya kumuuliza mtu. Kule hakuna aliyejua kwa hakika, na sajini anatuhimiza tuondoke. Mwisho tukamlaza kama ambavyo tungemlaza Kizimkazi. Mpaka leo sijui kama tulipatia, na jambo hili hunijia nikiwa nakula, nikiwa nanunua samaki, wakati wowote linapotaka.

Niliporudi Unguja nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Mize. Wakubwa wa jeshi walikuwa wameshafika kumpa habari, naye aliwasikiliza, kisha akawaonyesha mlango. Nikapiga hodi, nikaingia, nikafungua mdomo.

"Kula kwanza," akasema.

Nikala. Nikafungua mdomo tena.

"Mcha, nimekuuliza jambo mie?"

Ikawa hivyo. Kwao na kwetu, mtu akifa watu hukaa matanga, marehemu husomewa khitma, majirani huja na mchele na maneno ya kumpoza mfiwa. Bi Mize hakukaa matanga. "Sijaona maiti," aliwaambia jamaa, "sifanyi matanga." Hakuna aliyethubutu kusema 'marehemu' mbele yake. Majirani walinong'ona kwamba ameingiwa na kichaa. Hakuwa na kichaa hata chembe. Mie ndiye niliyekuwa nakikaribia. Kila Idi nilikwenda kumsalimia, ananiuliza bei ya muhogo sokoni Mwanakwerekwe, namjibu, naondoka na maneno yale yale kooni. Nimeoa, nimezeeka, mke wangu anasema nimeitoboa sakafu kwa kuzungukazunguka.

Mwaka huu ikaja simu. Kijana wa ofisi ya serikali, ana adabu zake.

"Shikamoo, mzee. Tunatayarisha nishani za walioitumikia nchi kwa ushujaa, wazima na waliotangulia. Jina la Makame limepitishwa. Lakini lazima ndugu yake wa damu akubali, na asimame ampokelee. Asipopatikana, jina halisomwi."

"Halisomwi vipi? Mtu kafa kwa ajili yenu!"

"Mzee, mie hata sijazaliwa wakati huo."

"Ndicho nnachokwambia!"

Alisubiri mpaka nilipomaliza kufoka. Kisha akaniuliza taratibu, ndugu yupo? Yupo. Amebaki mmoja tu, mama yake, na ili Makame atajwe mbele ya nchi, mama huyo itabidi aitikie kuitwa mama wa marehemu. Siku zile sikukaa kitako. Naagizwa nazi sokoni, narudi na vitunguu. Nilikuwa nalitaka jina lile lisomwe kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote changu.

Nikamkuta Bi Mize barazani, anasuka ukili wa mkeka. Macho yamepungua nuru, vidole bado vinakwenda vyenyewe.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Muhogo unauzwaje?"

"Sijaja na habari ya muhogo." Nikamweleza yote bila kupumua: simu, nishani, sherehe.

Vidole vikasimama. "Nani kawaambia kuwa mwanangu marehemu?"

Hapo hasira zikanipanda, na sikuzizuia. "Mie, Bi Mize! Mie! Nlimzika kwa mikono yangu hii, na umeninyima kusema mpaka nimekuwa mzee!"

Jirani akachungulia. Nilijua nimeharibu. Kumfokea mama wa mtu, mwenye umri ule, barazani kwake! Nikangoja anifukuze.

"Mlimkosha?" akauliza.

"Hatukumkosha. Kafa shahidi. Shahidi hakoshwi."

"Mkamvika nini?"

"Nguo zake. Mashati yake yote. Na damu yake."

"Nani kamswalia?"

Nikamwambia. Nikamwambia na ya kibla, kwa sababu sikutaka kubaki na kitu. Akatikisa kichwa. "Mungu ana pande zote," akasema. Kisha akainuka kwa kujishika ukuta, akaingia ndani, nikasikia kifuniko cha sanduku. Alirudi na kitambaa cheupe kimekunjwa, kinanuka karafuu. Sanda.

"Nlimnunulia wenzake waliporudi," akasema. "Kila mwaka naitoa, naianika. Nlijua, Mcha. Nlikuwa nangojea mwili."

Nikaigusa ncha ya kitambaa.

"Kumbe haimhusu. Basi hii yangu." Akaiweka mapajani, akaipapasa. "Waite watu. Kwanza mwanangu asomewe khitma, kisha hao wa nishani watangojea zamu yao."

Khitma ikasomwa. Watu walijaa mpaka uani, wengine hawakuwahi kumuona Makame kwa macho. Ijumaa iliyofuata tukawa mjini, chini ya mahema meupe, viti vyekundu, bendi ya polisi. Msoma wasifu akasoma kwa sauti nzuri kwamba marehemu Makame aliwaokoa majeruhi wawili chini ya risasi za adui. Bi Mize akasimama. Alikataa kushikwa mkono. Akavalishwa nishani juu ya buibui, akashukuru, akarudi kukaa. Hata jicho halikulowa. Nilidhani jina likishasomwa nitatulia. Sikutulia.

Gari ya serikali ikaturudisha Kizimkazi. Alikuwa anaangalia nje. Tulipoipita Mwanakwerekwe akasema, "Wale wawili. Walipona?"

Ningeweza kumdanganya. "Mmoja alikufa hospitali, Bi Mize. Mmoja akapona. Yule wa Songea."

"Mmoja," akasema.

"Mmoja."

Akaigusa nishani kifuani. "Na huyo, mama yake alimuona karudi?"

"Alimuona. Mie ndiye nliyemfikisha kwao, anatembelea magongo. Mama yake alitoka jikoni mbio, na mwiko mkononi."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mize, na ndipo alipomlilia mwanawe, kwa sauti, mpaka dereva akasimamisha gari.