Gari Nililolinyamazisha

Assalaam aleikum. Admin, nakuomba ulifiche jina langu. Ya wenzangu nimeshayabadilisha mwenyewe. Mimi ni mzee wa miaka sabini na tisa, fundi magari mstaafu, mtu wa Unguja mjini. Naandika kwa kidole kimoja huku miwani ikiteleza, maana hili siwezi kumwambia mjukuu wangu aniandikie. Linamhusu yeye.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa kijana, nimeoa karibuni, nafanya kazi gereji moja nyuma ya Darajani. Mchele wakati ule ulikuwa wa foleni. Shemeji yangu Hamadi, kaka wa mke wangu, alikuwa akiuleta kwa magendo na kuwauzia majirani Kikwajuni. Ukikamatwa, unakwenda ndani. Lakini bwana mkubwa aliyekuwa akiwasaka watu wa magendo alikuwa na gari kuukuu, lenye ekzosi mbili tangu kiwandani, na sailensa zake zote mbili zilikuwa zimeliwa na kutu. Likiwashwa linasikika mtaa wa tatu. Kinamama wakilisikia wanafunika masufuria, na gunia linakwenda uvunguni. Gari lake ndilo lililokuwa likituonya, na mwenyewe hajui.

Siku moja akalileta gereji. Amechoka na kelele, kichwa kinamuuma. Sailensa za gari lile hazikuwapo kisiwa kizima, na hapa ndipo ninapojilaumu mpaka leo. Ningesema hakuna, nani angebisha? Enzi zile "hakuna" lilikuwa jibu la kila duka. Lakini alisema mbele ya mafundi wote kwamba ameambiwa mimi ndiye mwenye mikono. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa nikaifanya kazi sawasawa, na ndiyo ikawa balaa. Nilikwenda Tunguu kwenye lori bovu lililotupwa, nikafungua sailensa yake kubwa. Nikazikata zile mbili mbovu, nikayaunganisha mabomba mawili yakawa moja, nikaichomelea ile ya lori. Nilipoliwasha, mafundi waliacha kazi wakaja kusikiliza. Husikii kitu ila feni. Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtoto siku ya Idi.

Nilikusudia kwenda kumtahadharisha Hamadi jioni ile ile. Sikuwahi. Bwana mkubwa alikuja alasiri akasema tukalijaribu, nikae kando yake nisikilize kama kuna mlio. Nilidhani tutazunguka barabara kubwa, kumbe akakata kona Kikwajuni. Nikajiinamisha chini, najifanya nasikiliza bomba, ili watu wa ukweni wasinione. Gari liliposimama ndipo nikainua kichwa. Hamadi alikuwa mlangoni kwa mama yake, gunia begani, mchana kweupe, anacheka na mtu aliye ndani. Akageuka. Aliniona mimi kwanza, kabla ya kumwona mwenye gari. Akatiwa garini na gunia lake, na waliotoka nje wote walimtazama yeye. Bwana mkubwa aliniambia nirudi gereji kwa miguu, na habari ya kutengenezwa gari lile niimeze.

Nikaimeza. Hamadi alikaa ndani miezi kumi na moja, akarudi amekonda, hana meno mawili ya mbele. Nilikwenda kumwona. Mke wangu alipotoka kwenda kutia chai, Hamadi aliniangalia akasema, "Fundi, gari ile haisikiki kabisa. Kazi nzuri." Basi. Hakulitaja tena, kwangu wala kwa dada yake, mpaka alipofariki. Sijui kama alinisamehe au ile ndiyo ilikuwa hukumu yangu.

Lakini watu walimtaka mchongezi. Siku moja kabla ya kukamatwa Hamadi, jirani yao Bi Tatu alikuja kutaka mchele akaambiwa umekwisha. Alihisi ananyimwa, akaondoka akisema, "Leo mnaninyima miye, kesho mtakosa nyinyi." Ikatosha. Mama mkwe akasema ni yeye, mke wangu akasema ni yeye, na mtaa mzima ukaitikia. Hakualikwa tena arusini. Mumewe alipokufa, ukweni kwangu hakutoka mtu kwenda matangani. Hamadi alijua Bi Tatu hana kosa, lakini kumsafisha yeye ni kunitaja mimi, akanisitiri. Na mimi nikawa naketi nao kula pilau, wanamsengenya, nami naomba niongezwe mchuzi.

Sasa mjukuu wangu anataka kumwoa mjukuu wa Bi Tatu. Mke wangu ameapa damu ya mchongezi haiingii nyumbani kwake. Msichana akiingia, yeye anatoka. Nikisema ukweli, atajua kwamba zaidi ya miaka hamsini amelala na mtu aliyekuwa ndani ya gari lililomchukua kaka yake. Nikinyamaza, vijana wanalipia kosa langu, na bibi wa watu anakwenda kaburini na jina lisilo lake. Kila nikigeuka nakuta ukuta, na ukuta wenyewe nimeujenga kwa mikono ile ile niliyosifiwa.

Juzi nilikwenda kumtazama Bi Tatu. Anaumwa, hata macho hayaoni tena. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba, akaushika mkono wangu asiuachie.

"Fundi, miye nnakwenda," akasema. "Wambie wenzio, sikusema."

"Nnajua, Bi Tatu." Likanitoka lenyewe.

Akaukaza mkono wangu. "Umejua vipi?"

Nikasingizia kwamba sala inanipita, nikaondoka. Binti yake anasema tangu siku ile, kila akiamka anauliza kama fundi amesharudi. Nishaurini, ndugu zangu. Kwake nirudi na jibu gani, na nikishamjibu, kwangu nirudi na uso gani?