Salamu kwa Mama wa Nta

Nilipokuwa mtoto kule Dzaleka, kwenye kambi ya wakimbizi, kila jioni Bibi alimmegea mama yangu tonge la nsima, ugali wa huko, na kuliweka kando, kwenye sahani ya bluu. Mama alitupotea njiani tulipokimbia kutoka kwetu Fizi, na hakuna aliyemwona akifa. Kwa watu wetu, asiyeonekana maiti haliliwi. Ndugu wakishakata tamaa kabisa, huuvisha mgomba nguo zake na kuuzika mahali pake. Bibi hakutaka kusikia habari za mgomba. Alikataza hata sura ya Mama isichorwe.

"Kama munamutengenezea mwili huku," alisema, "kule atabakia na nini?"

Asubuhi lile tonge nililila mimi, maana kambini chakula hakitupwi. Nilikuwa najiona kama nimeachiwa na Mama mwenyewe.

Mjomba Elia, mdogo wake Mama, alikuwa mchongaji. Aliyeyusha nta, akaipaka rangi ya ngozi, akachomeka nywele za saluni, unywele mmoja mmoja, kwa sindano. Alituambia anatengeneza mama mmoja wa kawaida anayemenya mihogo, kwa ajili ya maonyesho Lilongwe. Siku ilipofika akatuchukua. Alidhani Bibi akiona atafurahi, na mpaka leo namhurumia kwa hilo.

Nikaingia ukumbini nikamwona Mama. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, visigino vimepasuka, mishipa ya mikono imesimama, kisu mkononi. Mzee mmoja alitaka kupita, akamwomba njia kwa lugha ya wenyeji, "Zikomo, mayi," akangoja apishwe, kisha akagundua na kujicheka. Msichana mmoja akamfinya shavu. Watu walikuwa wanafurahi kudanganyika, na mimi nilisimama pale nimeshikwa na kiu ya kuitwa jina langu.

Bibi hakucheka. Alimwinamia.

"Jambo, mutoto yangu."

Akangoja. Akamsalimia tena kwa Kibembe chetu, kwa lile jina la utotoni ambalo sisi wengine hatukuruhusiwa kulitamka. Kisha akamgeukia Mjomba.

"Haitike."

"Mama, ni nta tu," Mjomba akasema.

"Najua ni nta, mi niko na macho. Lakini siku zote namuita, ananyamaza sababu iko mbali. Leo iko hapa karibu, na bado ananyamaza. Sasa nitasema iko wapi?"

Bibi akavua kilemba, akaketi sakafuni na kuanza kilio, kile cha msiba chenye jina la marehemu ndani yake. Watu wakasogea, wakatoa simu zao. Walidhani ni sehemu ya maonyesho. Alipotua kuvuta pumzi mmoja akapiga makofi, na ukumbi mzima ukafuata. Nilitamani kuwauma mmoja mmoja.

Jioni ile, nyumbani, Bibi aligawa nsima na sahani ya bluu hakuigusa. Nikaiendea mwenyewe, nikaiweka mbele yake. Akaipangusa kwa kanga yake, akaifunika chini ya beseni.

"Kula yako," akaniambia.

Nililia mpaka Mjomba akatoka nje. Hakuchonga mtu tena. Ile sanamu ilinunuliwa, na sijui iko sebuleni kwa nani, wala wageni wa nyumba hiyo wanaisalimiaje.

Watu huniuliza kama kweli naamini mambo haya. Siamini kwamba nta iliua mtu. Lakini Bibi alituonya kwamba Mama akipata mwili huku hatabakiwa na kitu kule, na ndivyo ilivyokuwa. Kule kwenyewe kulikuwa ni ile sahani, na sisi tuliokuwa tukimngoja. Hatukumngoja tena. Kama alikuwa bado njiani siku ile, basi alikuwa anakuja kwa watu waliokwisha kumzika, na hilo ndilo linalonichoma hata sasa.

Siku hizi nina watoto wangu. Nikigawa nsima, mkono humega tonge la ziada kabla sijauzuia, nao huniuliza ni la nani. Nawaambia ni langu, nakula.