Muongozaji Alikataa Pango la Sponji

Mdogo wangu alikuwa anakata roho masikioni mwangu, na mimi nikamwonyesha muongozaji dole gumba.

Msinihukumu kwanza. Someni.

Mimi ni mtu wa sauti kwenye filamu. Navaa hedifoni, nasikia mpaka tumbo la mwigizaji likinguruma. Mwaka juzi tulikuwa tunatengeneza filamu ya majini na mashetani, na mdogo wangu wa kike, wa tumbo moja, ndiye aliyepewa nafasi ya malkia anayefungwa pangoni. Mimi ndiye niliyempeleka kwenye usaili, kwa hiyo mama alimkabidhi kwangu.

Fundi wa seti, jamaa mnene asiye na maneno mengi, alitujengea pango ndani ya studio. Mbao, sponji na rangi ya kijivu. Ukiliona kwenye kamera unaapa ni jiwe. Mnyororo ulikuwa wa plastiki, moshi unatoka kwenye mashine, na feni mbili zinautoa nje.

Tulifanya mazoezi siku tatu, mambo yakaenda freshi.

Siku ya nne muongozaji akaja amenuna. Tulimpa jina la Uhalisia, maana neno hilo halikumwisha mdomoni. Akasema pango letu linanuka gundi, watazamaji si wajinga, tunahamia kwenye pango la kweli, ndani ya machimbo ya mawe yaliyoachwa nje ya mji.

Fundi akamwambia kule ndani hakuna upenyo wa hewa. Uhalisia akamuuliza tangu lini seremala anaongoza filamu. Tukacheka wote. Hata mimi, tena kwa sauti.

Tulifika machimboni saa nne asubuhi, jua kali, lakini mdomoni mwa pango baridi ilinipanda miguuni. Hakukuwa na umeme, kwa hiyo moshi ukawa wa makopo ya kuwasha. Mnyororo nao ukawa wa chuma, una kufuli, na ufunguo ukaingia mfukoni mwa Uhalisia.

Alipokwisha kufungwa, mdogo wangu alinitazama. Nikamwambia atulie, ni dakika mbili tu.

Sasa kwenye kazi yetu kuna sheria. Kamera ikishaanza, hakuna anayesema "kata" isipokuwa muongozaji. Ukiropoka umeharibu jasho la watu wote, na kesho huitwi.

Makopo yakawashwa. Moshi ukaingia ndani badala ya kutoka. Muda si mrefu hatukumwona tena, ila mimi nilikuwa naye kupitia kipaza sauti kidogo kilichobandikwa kifuani mwake.

"Nitoeni," alisema. Hiyo ilikuwa kwenye skripti.

Akakohoa. Halafu akasema kwa sauti iliyonisisimua mwili mzima, "Kaka, nitoe. Sipati hewa."

Kwenye skripti malkia hana kaka.

Nilijua hilo. Naapa nilijua. Lakini nikajiambia leo huyu binti ameingia kwenye uhusika kweli kweli. Uhalisia akanigeukia, akiuliza kwa macho kama sauti inaingia vizuri. Ndipo nikainua dole.

Kisha nikasikia kucha zinakwaruza jiwe. Halafu hata kucha zikaacha. Niliogopa, na bado nilikuwa namsubiri muongozaji aseme kata.

Neno hilo lilisemwa na fundi. Yeye hakuwa na hedifoni. Aliona tu moshi hautoki. Alipita mbele ya kamera na nyundo yake, tukasikia chuma kikigongwa, akatoka amembeba mdogo wangu begani, midomo imebadilika rangi.

Alilazwa wiki tatu, akapona. Sauti ndiyo haikurudi sawasawa, mpaka leo anaongea kwa kukwaruza. Aliniomba kitu kimoja tu, nifute ile rekodi. Nikamwambia nimeifuta.

Filamu tuliimalizia studio, kwenye sponji. Siku ya uzinduzi tulikaa bega kwa bega. Malkia alipolia, "Kaka, nitoe," ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi.

Mdogo wangu hakusimama. Alinigeukia akaniuliza taratibu, "Kaka, si ulisema umefuta?"

Niliikabidhi mwenyewe. Uhalisia hakunilazimisha. Sauti ilikuwa safi mno, nikaionea huruma kuliko mwenye sauti.

Huu ni mwezi wa saba hapokei simu zangu.

Wewe unayesoma, mtu wako akikuita kwa jina la nyumbani ukiwa kazini, acha kazi uende. Usingoje bosi akuruhusu kusikia.